Misindano michanga: itafika mita ngapi?

Misindano yangu huku Mufindi ilikuwa na mita 3 ilipotimiza miaka 3. Sasa ina miaka 5 na mita 7. Inaongezeka mita 2 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa 25 itafika mita 47?

Haitafika. Msindano huanza taratibu ukishindana na majani, kisha hukimbia, halafu hupunguza mwendo. Wewe umeipima wakati inakimbia.

Chukua kikokotoo chenye kitufe cha ln. Gawanya 7 kwa 3, bonyeza ln: 0.847. Toa 1/5 kwenye 1/3: 0.133. Gawanya la kwanza kwa la pili, upate takriban 6.35, hiyo ndiyo namba ya shamba lako. Kwa mwaka wa 8, toa 1/8 kwenye 1/5 (0.075), zidisha kwa 6.35, bonyeza kitufe cha e^x, kisha zidisha kwa 7. Jibu ni mita 11.3. Kwa mstari ulionyooka ungepata 13.

Kwa mwaka wa 25 hesabu hiyohiyo inatoa mita 19, lakini usimtajie mnunuzi. Kama kile kipimo cha mwaka wa 3 kilikuwa 2.5 badala ya 3, jibu linaruka hadi 24. Nusu mita ya uzembe utotoni inazaa mita tano uzeeni. Tabiri miaka mitatu minne mbele, kisha upime tena.

Nipime miti yote?

Hapana. Chomeka kigingi, funga kamba ya mita 11.28 na uizungushe, ndani yake ni mita za mraba 400, na kwa nafasi ya 3 kwa 3 utakuta miti kama 44. Kwenye mteremko kamba ishikwe usawa, isilale ardhini. Pima unene wa kila mti kwenye mita 1.3 kutoka chini, kisha urefu wa ile minne minene kuliko yote, na utumie wastani wake. Wastani wa shamba zima hudanganya: ukipunguza miti, vidhaifu vinaondoka na wastani unapanda ilhali hakuna mti uliorefuka. Ruka uliovunjika ncha na wenye shina mbili. Iliyorudishiwa, yaani iliyopandwa baadaye kujaza mapengo, nayo iache, kwani umri wake ni mwingine. Weka duara bondeni, katikati na juu kilimani.

Nikihesabu pingili za matawi (pale matawi yanapozunguka shina kwa pamoja) sitajua ilivyokua kila mwaka?

Kwa misindano inayotoa pingili moja tu kwa mwaka, ndiyo. Patula, aina mojawapo ya msindano, hutoa zaidi ya moja. Andika tarehe ya kupanda.

Mwaka huu miti imeonekana mifupi kuliko mwaka jana!

Kama ncha haikuvunjika, aliyekosea ni mpimaji. Hadi mita 7 au 8 tumia fito iliyotiwa alama kila sentimita 10: mmoja ainyanyue akiwa shinani, mwenzake asome akiwa mbali. Anayesoma karibu huona tawi la pembeni akadhani ni kilele. Anzia upande wa juu wa mteremko kila mara, na mti uupake rangi ili mwakani urudi kwenye uleule.

Mwezi nao usibadilike. Agosti au Septemba panafaa, kabla mvua hazijaanza kuisukuma. Umri uhesabu kwa miezi: uliopandwa Januari 2021 ukapimwa Septemba 2024 una miaka 3.7, si 3 wala 4.