Wasomaji wanauliza: unyayo mmoja, wenyewe wanne

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba nilipanda mlima mtakatifu Sri Lanka usiku, nikiwa na Wabudha, Wahindu na Waislamu kwenye ngazi zilezile, basi tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Maswali yaliyofanana nimeyachanganya, msininunie.

SWALI: Asalaam alaykum binti yangu. Mimi mwalimu mstaafu, niko Tanga. Uliandika kwamba huo mlima una unyayo wa Nabii Adam na wakati huohuo ni wa Budha. Unyayo mmoja wa watu wawili inakuwaje? Na Muislamu akipanda si ndo kaenda kuhiji kwenye dini ya watu? Nauliza kwa sababu natamani kwenda na mke wangu, ila magoti yake yanamsumbua.

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu, na shikamoo. Unyayo ni mmoja kweli, wanaoudai ndo wengi. Wabudha wanauita mlima Sri Pada na wanasema Budha alikanyaga pale. Wahindu wanasema ni mungu wao Shiva. Sisi tumekua tunasikia kwamba Nabii Adam aliposhushwa kutoka peponi alifikia Sarandib, na Sarandib ndo hiyohiyo Sri Lanka. Halafu wapo Wakristo wanaosema ni Mtume Tomaso. Cha ajabu hawagombani, au tuseme siku niliyopanda mimi hakuna aliyekuwa na pumzi ya kugombana. Kileleni, mita 2,243, kuna kijengo kidogo na ndani kuna mwamba wenye alama ya kama mita 1.8 hivi. Nilipofika ilikuwa imefunikwa vitambaa na maua, sikuona hata ukucha.

Hilo la kuhiji sina fatwa, muulize shehe wako, mimi ninachoweza kukupa ni mfano wa mtu unayemjua. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawasifu watu wa Kilwa, alipanda mlima huu mwaka 1344. Na alichoandika kinamhusu mkeo moja kwa moja, manake anasema njia zilikuwa mbili, moja inaitwa ya Baba na nyingine ya Mama, yaani Adam na Hawa. Hayo maneno ni yake, wala sijatafsiri. Ya Mama ndo rahisi, watu wanaitumia kurudia, na ukipanda kwa hiyo wanakuhesabu hujafika kabisa. Ya Baba ndo yenye minyororo ya chuma ya kushikilia, iko kumi, na wa kumi waliuita mnyororo wa shahada, kwa sababu ukifika pale ukatazama chini unajikuta unaitamka mwenyewe kwa woga.

Siku hizi kuna ngazi za zege na taa, kwa hiyo shahada mtaitamka kwa kuchoka tu. Mpande treni mpaka Hatton, huko kwenye mashamba ya chai, kisha basi mpaka Nallathanniya, ambako wengine bado wanaita Dalhousie. Kutoka pale ni ngazi zaidi ya 5,000. Njia ya upande wa Ratnapura ni ndefu na kali zaidi, iacheni. Msimu unaanza mwezi mpevu wa Desemba unaisha mwezi mpevu wa Vesak, sikukuu ya Budha, Mei, nje ya hapo ni mvua na giza. Epukeni usiku wenyewe wa mwezi mpevu na wikiendi, foleni inasimama kwenye ngazi masaa na hapo ndo magoti yanakufa.

Mimi nilianza saa nane usiku ili nikute jua linachomoza. Sehemu moja njiani nikakuta nyuzi nyeupe zimetandazwa pembeni, mamia kwa mamia, zimeshikana kama utando wa buibui, nikadhani mapambo. Kumbe wanasema Budha alikaa pale kushona joho lake lililochanika, kwa hiyo kila anayepita anaachia uzi kutoka kwenye kibonge chake na kupanda nao. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja, nguo nyeupe kama wote, pekupeku, wajukuu wawili wamemshika viwiko, kila ngazi kumi anasimama anapumua halafu anaendelea. Nikampita nikijiona hodari. Nikakaa kunywa chai kibandani, nikampisha. Nikampita tena, nikakaa tena, bana mwisho wa yote tulifika naye sawa. Juu kuna kengele, unaigonga kwa idadi ya mara ulizowahi kupanda. Mimi nikagonga moja. Yeye akagonga, akagonga, mjukuu anahesabu kwa sauti, ikafika kumi na saba. Halafu jua likatoka na kivuli cha mlima kikalala juu ya mawingu upande wa pili, pembetatu iliyonyooka utadhani mtu kaichora kwa rula.

Kwa hiyo mwalimu, mke wako anaweza, ila mpeni usiku mzima badala ya masaa matatu manne, na dawa ya magoti aitunze kwa ajili ya kushuka. Kushuka ndo balaa.

SWALI: Mambo dada. Hivi Dalai Lama, yule kiongozi wa dini wa Tibet, si ndo Papa wa Wabudha wote? Na akifa wanapigaje kura? — Kijana wa Mbeya

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapana kwa yote mawili. Mtawa wa Thailand au wa huyo bibi yangu wa Sri Lanka hapokei amri yoyote kutoka kwake. Hata kwa Watibeti wenyewe kuna madhehebu makubwa manne, yeye ni wa Gelug, na hata huko Gelug kiti cha mkuu wa dhehebu anakalia mtu mwingine anayeitwa Ganden Tripa. Heshima aliyonayo ni kubwa kuliko cheo, ndo maana tunachanganya.

Kura hakuna. Wanatafuta mtoto wanayeamini kwamba ndo marehemu kazaliwa upya. Huyu wa sasa, wa 14, Tenzin Gyatso, alizaliwa Julai 6, 1935 kwenye familia ya wakulima kijiji cha Taktser, na akiwa na miaka kama miwili hivi watafutaji wakamwekea vitu vya marehemu aliyemtangulia vikiwa vimechanganywa na vya watu wengine, tasbihi, kigoma, fimbo, yeye akachukua vya marehemu. Machi 1959 akatoroka kutoka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mpaka leo anakaa Dharamshala kule India, na mambo ya siasa aliyaachia 2011. Julai 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90, akasema cheo hakifi na ofisi yake, Gaden Phodrang, ndo pekee itakayomtafuta mrithi. China wanasema bila kibali chao hakuna. Wengine mtaona ni ubishi wa wazee ila kumbukeni mwaka 1995 Dalai Lama alitangaza mtoto wa miaka sita kuwa Panchen Lama, cheo cha pili kwa ukubwa kwenye hiyo Gelug, na siku chache tu baadaye mtoto na wazazi wake wakachukuliwa na China, hajaonekana hadharani mpaka leo, na China ikateua wa kwake. Nikisoma habari za mrithi huwa namuwaza yule mtoto kwanza, sasa hivi ni mtu mzima.

SWALI: Mimi huwa sielewi hawa watawa wa Kibudha, mwanaume mzima mwenye nguvu anazunguka asubuhi na bakuli anaomba chakula na watu wanamuinamia. Kwetu huyo tunamwambia akalime. Samahani kama nimekosea. — Mkulima, Kitale

JIBU: Hujakosea ndugu yangu, mimi mwenyewe nilikuwa naona hivyo mpaka nilipokaa siku tatu Luang Prabang, kule Laos. Kwanza haombi. Mtawa hasemi kitu, hagongi mlango, hata asante hasemi, anapita pekupeku kwenye mstari na bakuli limefunikwa, ukitaka kuweka unaweka, usipotaka anapita. Anayeshukuru ni mtoaji, manake kwa imani yao kapewa nafasi ya kupata thawabu. Sheria za mtawa ziko 227, na kati ya hizo kuna ya kukataza kulima au kuchimba ardhi, kwa hiyo hata ukimwambia akalime unamwambia avunje utawa wake. Pesa hatakiwi kushika, na ikishapita saa sita mchana hali tena mpaka kesho yake.

Asubuhi ya pili mama mwenye nyumba alinipa kikapu cha wali wao wa kunata, nikapiga magoti kwenye mkeka pembeni yake, kila mtawa akipita namega tonge natia. Wali wa moto unachoma vidole, na mstari wenyewe unaenda haraka, mimi nikabaki nyuma nimetia matonge makubwa makubwa kwa wa mwanzo, mama akanipiga jicho. Mwisho wa mstari walikuwa wamekaa watoto wawili wa mtaani na kikapu kitupu. Watawa walipofika pale wakaanza kutoa kwenye mabakuli yao wanawatilia. Sikuwa nimeambiwa hiyo. Watalii wengi walishamaliza kupiga picha wakaondoka, hawakuiona.

Na sio kwamba ni kazi ya wavivu. Thailand kijana anaweza kuingia utawa hata wiki chache tu kisha akarudi uraiani, mfalme Bhumibol mwenyewe aliacha ikulu mwaka 1956 akanyoa kichwa, akakaa mtawa siku 15 na kubeba bakuli kama wengine.

SWALI: Nina tatuu ya Budha mkononi, naenda Colombo mwezi ujao, kuna shida?

JIBU: Ipo. Vaa mikono mirefu kuanzia uwanja wa ndege. 2014 mtalii wa Kiingereza alikamatwa hapohapo uwanjani akarudishwa kwao kwa tatuu kama yako. Na usijipige selfi umeipa sanamu mgongo, watakufuata.

SWALI: Hapa Bongo hekalu la Wabudha lipo? Mtu akienda anaruhusiwa?

JIBU: Lipo Dar, Upanga, walilianzisha Wasinhala, watu wa Sri Lanka, toka enzi za ukoloni, na mti wa bodhi, aina ileile ya mti aliokaa Budha chini yake, upo uani, majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu, ni jamaa ya mkuyu kwa hiyo hutashangaa sana. Unaruhusiwa. Vua viatu mlangoni, ukikaa usielekeze nyayo kwenye sanamu, na kama wewe ni mwanamke usimpe mtawa mkono wa salamu, unganisha viganja tu inatosha. Ukitaka kupeleka chakula pika mapema, ukikipeleka saa saba mchana watawa watakipokea vizuri ila hawatakigusa.