Keki ya embe kubaki mbichi katikati

Dadangu wa Lamu, umesema keki yako ya kunywea kahawa inaungua juu, katikati mbichi, na embe zimezama zote. Tatizo kubwa ni maji ya tunda. Embe aina ya ngowe iliyoiva sana ni tamu kuila, lakini ndani ya keki humwaga maji. Chukua iliyo ngumu kidogo, ikate vipande vidogo, nyunyizia kijiko cha sukari, uache kwenye chujio nusu saa. (Maji yake usiyamwage, ni sharubati hiyo.) Halafu vigaragaze kwenye unga mkavu. Rojo nalo liwe zito, lidondoke polepole kutoka kwenye mwiko. Likiwa jepesi tunda litazama tu. Nusu ya vipande mimi huvipanga juu.

Chenga za juu ni unga, sukari, mdalasini na siagi baridi, fikicha kwa vidole. Mimi sikosi iliki. Kwa joto letu siagi huyeyuka upesi, basi zirudishe frijini kidogo kabla ya kunyunyiza.

Na kwa kuwa waoka kwa makaa, punguza ya juu ya kifuniko. Keki ya tunda yataka moto wa pole. Choma kijiti katikati. Kikitoka na rojo, bado.