Kilti, Mikia ya Karatasi na Utani wa Waskoti: Vaa Vizuri Usije Ukaumbuka

Aliyezoea msuli au kikoi tayari anaijua nusu ya kilti, lile vazi la Waskoti lenye marinda kama sketi: kuketi, kupanda ngazi, na kuinama kuokota kitu bila kuwafanya watu wageuze nyuso. Nusu ya pili ndiyo inayowaponza wageni wanaoalikwa harusi Glasgow au ceilidh, ngoma ya Kiskoti ya kuzungushana, chuoni Aberdeen. Msuli unakunja, unasokota, basi. Kilti ina mikanda, bizimu, marinda na mkoba, na kila kimoja ukikikosea umempa mtani pa kuanzia. Na Waskoti kwa utani hawajambo.

Hata kalenda yao imeutengea utani siku mbili. Aprili 1 ni siku ya Gowk, jina la ndege kekeo kwa Kiskoti, ambalo pia humaanisha mjinga. Mchezo wake wa zamani ni kumpa mtu barua iliyofungwa aipeleke nyumba fulani. Ndani mmeandikwa kwamba msomaji asicheke wala kutabasamu, bali ampeleke kekeo maili moja mbele. Msomaji anajikaza uso, anasema yeye hawezi kusaidia, na kumwelekeza mjumbe kwa jirani wa mbali zaidi. Mwisho wake ni saa sita mchana. Anayetania baada ya hapo, ujinga unamrudia mwenyewe. Aprili 2 ni Tailie Day, siku ya kubandikana mikia ya karatasi mgongoni. Utani wa kilti wenyewe hausubiri Aprili. Unauona harusini, kwenye mechi za raga na mpira, na popote palipo na fidla na watu wanaozungushana.

Tuanze na kuvaa, maana nguo iliyofungwa vizuri inahimili karibu utani wote.

Kilti hukaa usawa wa kitovu, si nyongani kama jinzi. Ndiyo maana namba ya kiuno cha suruali yako haisaidii dukani. Pima kwa tepu juu ya shati, kwenye kitovu, ukiwa umesimama bila kuvuta tumbo ndani. Anayetoa namba ya jinzi hupewa kilti inayoteremka, pindo likafika kwenye miundi, akaonekana kama amevaa sketi ya dada yake. Kujua urefu sahihi, piga magoti sakafuni mgongo ukiwa wima: pindo liwe juu ya sakafu kwa sentimita 2 au 3. Ukisimama litaangukia katikati ya goti au juu kidogo.

Marinda huwa nyuma, na mapande mawili bapa yanayopishana, la ndani na la nje, huwa mbele. Shika kilti nyuma yako, peleka pande la ndani kutoka kulia kwenda kushoto, pitisha mkanda wake kwenye tundu lililo kwenye ukingo wa kiuno upande wa kushoto, kisha ufunge bizimu. Halafu leta pande la nje kutoka kushoto kwenda kulia, ufunge mikanda ya kulia. Nyuzinyuzi za ukingo ziwe kulia kwako. Zikiwa kushoto, umeivaa kinyume, na atakayekuambia ni bibi wa miaka themanini, kwa sauti ya ukumbi mzima.

Pini kubwa ya kilti huchomwa pembe ya chini kulia, karibu sentimita 5 kutoka ukingoni na 10 kutoka pindoni, kwenye pande la nje peke yake. Hapa wengi huharibu. Wanadhani kazi yake ni kufunga, wanachoma pande zote mbili. Ukipiga hatua ndefu au ukiketi, pande mbili zinavutana na sufu inachanika. Wapo pia watani wanaoichoma hivyo kwa siri wakati wa chakula ili wakuone ukikwama unapoinuka. Huo si utani, ni kumtia mtu gharama: kilti ya sufu ya yadi 8, karibu mita 7 za kitambaa zilizoshonwa marinda kwa mkono, hainunuliwi kwa hela ya soda.

Mkoba wa mbele, sporan, uning'inie vidole vinne chini ya bizimu ya mkanda au chini ya kizibao. Si pambo tu: kilti haina mifuko, na ukiketi uzito wa mkoba hulishusha pande la mbele katikati ya mapaja. Wakati wa ngoma za kasi uzungushe hadi nyongani, usije ukakupiga mahali pabaya kila unaporuka.

Soksi ikunjwe vidole vitatu chini ya goti, na vile vipande viwili vya kitambaa vinavyochungulia chini ya mkunjo vielekee nje ya mguu. Viatu vya ghillie havina ulimi. Sokota kamba mara tatu au nne juu ya mguu, zungusha kwenye kifundo, funga mbele au pembeni. Usizipandishe hadi kwenye muundi kama mchezaji wa baleti, wala usikaze mno, utacheza nyimbo mbili na mguu ufe ganzi.

Kisu kidogo, sgian-dubh, huingia kwenye soksi ya mkono unaotumia, mpini tu ukionekana. Sheria ya Uskoti inakubali kisu kilicho sehemu ya vazi la taifa, lakini uwanja wa ndege haukubali, na mlango wa klabu unaweza kukukatalia. Omba kile cha plastiki chenye mpini tu bila makali. Kile halisi usikichomoe kwa mzaha hata kidogo.

Sasa swali ambalo kila mvaaji ataulizwa: ndani kuna nini? Ukweli ni kwamba kila mtu ana lake. Wapo wanaoacha bila kitu, kama ilivyozoeleka kwenye vikosi vya jeshi vya Uskoti. Kwa kilti ya kukodi, vaa chupi. Nguo hiyo wiki ijayo inavaliwa na mtu mwingine, na sufu huwasha. Tunashauri bukta fupi ya kubana, ya rangi iliyokoza. Mtani akifanikiwa kuinua kilti, akute bukta yenye picha ya ndizi, na kicheko kiwe chako, si chake. Jibu la mdomo la wazee linachezea kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana mbili, kuvaliwa na kuchakaa: unaulizwa kilichovaliwa ndani, unajibu kwamba ndani hakuna kilichochakaa, kila kitu bado kinafanya kazi. Kwa Kiswahili halichekeshi sana. Kwa lafudhi ya Glasgow huangusha meza.

Kuinua kilti ya mtu kutoka nyuma ndiko wageni hukosea wakidhani ni sehemu ya mila. Wanaofanya hivyo wapo, na wavaaji wengi wamechoka nako. Kupiga picha chini ya nguo ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai Uskoti tangu 2010, na kilti imo. Ukumbuke pia kwamba vazi hili liliwahi kupigwa marufuku na serikali ya London kwa sheria ya 1746, baada ya uasi wa Wajakobi, waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye ufalme, na marufuku ikaondolewa 1782 tu. Utani wa Wahehe na Wangoni unavumilika kwa sababu anayetaniwa naye ana zamu yake. Anayekuvua nguo mbele ya watu hakukuachia zamu yoyote.

Mkitaka ile picha ya harusi ya wanaume waliogeuza migongo na kuinua marinda, ipangeni. Kila mmoja aulizwe peke yake kabla, si mbele ya kundi ambako aibu itamlazimisha kukubali. Wote wavae bukta, watoto watolewe kwenye fremu, mpiga picha ahesabu hadi tatu. Shika marinda ya katikati kwa mkono mmoja, inua nyuma tu. Ukiinua kutoka pembeni, pande la mbele linafuata.

Mkia wa Aprili 2 hauhitaji mengi. Kata karatasi upana wa sentimita 3, urefu wa 40. Ukiwa mrefu mno mhusika ataugundua mapema. Gundi ya karatasi usiibandike kwenye sufu, inang'oa manyoya na kuacha alama. Pini nayo inatoboa. Tumia kibanio chepesi cha nguo, ukibane kwenye mkanda wa ngozi nyuma, wakati mtu anakumbatiana na mwingine au anasubiri chai. Ukibana kwenye marinda yenyewe, uzito wake utamshtua. Sporan nayo ni uwanja mzuri: kijiko, gololi, kile kidude cha mbwa kinacholia kikibonyezwa. Chokoleti hapana. Itayeyuka kwa joto la tumbo, na bili ya dobi ni yako.

Wewe mgeni utarushiwa haggis mwitu: mnyama mwenye miguu mifupi upande mmoja ili azunguke mlima bila kuanguka. Haggis halisi ni chakula cha moyo, ini na mapafu ya kondoo, nafaka ya oti na vitunguu. Jumba la makumbusho la Kelvingrove hapo Glasgow lina hata “sampuli” ya mnyama huyo, kwa hiyo usishangae ukipelekwa ukaone ushahidi. Dawa ni kuuliza kwa uso mkavu kama wa kike miguu mifupi huwa upande uleule. Kuhusu koni ya barabarani ambayo watani huiweka kichwani mwa sanamu ya Duke of Wellington aliyepanda farasi, pale Royal Exchange Square, Glasgow, ipige picha, icheke, usiipandie, hasa ukiwa na kilti. Farasi wa shaba akilowa mvua hana pa kushika.

Kwenye ngoma kama Strip the Willow utazungushwa hadi marinda yafunguke kama mwavuli. Sufu nzito ya aunsi 16 kwa yadi inarudi mahali pake yenyewe. Kitambaa chembamba cha bei rahisi hupaa na kukawia juu. Nje kwenye upepo, ugeukie upepo: pande bapa litabanwa mapajani, na marinda hayatapata hewa ya kuyainua. Kuketi, pitisha kiganja nyuma ya mapaja kuyalaza marinda kabla hujatua. Kushuka kwenye gari, magoti pamoja, miguu yote miwili itoke kwa wakati mmoja.

Ukirudi, usiikunje kilti ikiwa na unyevu. Laza marinda kwa mkono, itundike kwa vibanio vya kiunoni, mbali na hita. Asubuhi hesabu kabla ya kwenda dukani: kilti, sporan na mnyororo wake, pini, kisu, soksi, na vile vipande viwili vya soksi ambavyo hupotelea chini ya meza. Kisha tazama nyuma ya mkanda, usije ukamrudishia karani na mkia.