Watoto saba, mshahara mmoja: anza na bima gani?

Dada, umesema mumeo ni bawabu anayelipwa Sh24,000, wewe unauza mboga, watoto ni saba, na wakala anakusukuma uchukue bima ya elimu ya Sh3,000 kwa mwezi. Nakusihi, usitie sahihi bado.

Kwanza tazama hati ya mshahara ya mumeo. Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, ni asilimia 2.75, yaani Sh660, na pesa hizo ni za nyumba nzima. Huhitaji kumlipia kila mtoto. Lakini mtoto asiyesajiliwa chini ya baba yake atarudishwa pale dirishani hospitalini, kwa hiyo beba vyeti vyao vya kuzaliwa, hata cha yule mchanga, ukawaandikishe wiki hii. Wakwe zako hawamo humo. Hao wajisajili wenyewe.

Bima ya elimu naiogopa kwa sababu ilinichoma. Nililipa miezi kumi na minne, karo ikanibana, nikaacha. Sikurudishiwa hata shilingi. Ukiwa na watoto saba, mwezi wa kubanwa lazima uje.

Uzeeni je? Mumeo tayari anakatwa pesa za NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, na mwajiri anamwongezea kiasi hichohicho. Wewe ndiye huna kitu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika swali lako. Jiunge na Haba Haba, mpango wa NSSF wa akiba kwa wasioajiriwa: kuanzia Sh25 kwa siku, bei ya fungu moja la sukuma wiki. Iandikishe kwa jina lako mwenyewe.