Maswali ya Wasomaji: Wajua Maneno ya Wimbo Huo?

SWALI: Shikamoo, mzee. Nina miaka 24, napiga saksafoni katika bendi ya arusi hapa Mbale. Vidole vyangu ni vyepesi, lakini nikipiga watu wanaendelea kula tu. Malipo nayo yanachelewa. Nimsikilize nani ili na mimi nisikilizwe?
*Msomaji, Mbale*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Malipo: chukua nusu kabla hujafungua sanduku la saksafoni. Hilo limeisha.

La kusikilizwa ndilo lililonikalisha na barua yako usiku kucha. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Kisoga nilioushika kwa sikio tu, kwetu Jinja. Niliupiga arusini miaka minane, mbio mbio, nikiupamba kila nilivyoweza. Siku moja Iganga, bibi mmoja akanishika mkono, akanipeleka nyuma kwenye masufuria ya matoke, akaniimbia beti zote taratibu. Ulikuwa wimbo wa mama aliyefiwa na mtoto. Niliona uchungu mno. Tangu siku hiyo sipulizi wimbo nisioujua maneno.

Baadaye nikaja kujua kwamba Lester Young, yule Mmarekani mpiga saksafoni aina ya tenor, alishikilia jambo hilo hilo: mpigaji ayajue maneno. Mtafute katika rekodi za mwaka 1937 alizopiga na mwimbaji Billie Holiday. Hamfuniki mwimbaji. Anangoja dada amalize sentensi, ndipo anaingia kwa sauti laini, kama mtu anayemjibu aliye karibu naye. Wote wawili walifariki mwaka 1959, na mimi bado najifunza kwao.

Hapa nyumbani msikilize Moses Matovu wa Afrigo, bendi iliyoanza Kampala mwaka 1975. Yeye huimba na kupuliza pia, na nikimsikia naona saksafoni inaendeleza pale sauti ilipoachia. Ukipata nafasi ya kumwona jukwaani, usikose, hata kama ni nauli yako ya mwisho.

Sasa chagua wimbo mmoja. Weka saksafoni chini, uuimbe wote kwa mdomo, na uangalie sentensi inaishia wapi. Hapo ndipo pa kuvuta pumzi, hata kama vidole vinataka kuendelea. Lugha ikiwa ngeni kwako, wahi arusini mapema, uwatafute akina mama wanaopika. Waombe wakuimbie.