"Pick up": mzigo, simu na mauzo

SWALI: Nauza vitenge kwa jumla Kariakoo na nina wateja wa nje wanaoniandikia kwa Kiingereza. Mmoja kaandika: "I'll pick up the order on Friday." Meseji iliyofuata: "Sales will pick up in December." Mzigo najua unachukuliwa. Mauzo yanachukuliwa na nani?
Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Na hakuna mtu. Anakwambia mauzo yatachangamka Desemba. Tazama kinachofuata baada ya "pick up". Kikitajwa kitu au mtu, kwa kawaida kuna wa kumchukua: oda, mgeni, mtoto shuleni. Pasipotajwa kitu, na kiima ni biashara, mauzo au upepo, basi hicho chenyewe ndicho kinachoongezeka nguvu: "The wind is picking up", upepo unaanza kukaza. Simu inaponyoka kidogo kwenye utaratibu huu. "He's not picking up" ni hapokei. Simu haitajwi kwa sababu wote mnajua mnazungumzia nini.

Kitu chenyewe nacho hubadili maana. "She picked up a stomach bug": kaambukizwa ugonjwa wa tumbo, hakuutafuta. "He picked up Swahili in Kariakoo": kakishika Kiswahili kwa kusikiasikia mitaani. Kwa aliyekisoma darasani, sema "learned". Sentensi ya kuangalia sana kwako ni "My company will pick up the bill". Hapo kampuni ndiyo inayolipa, haiji kufuata karatasi. Ukiichapa bili na kumsubiri mtu wa kuichukua, utasubiri sana. Mtumie kwa barua pepe pamoja na namba ya akaunti.

Unapomjibu, angalia mpangilio. "Pick up the order" na "pick the order up" zote sawa. Lakini "it", "them", "me" na "you" lazima zikae katikati: "Pick it up on Friday." "Pick up it" ni kosa, na ndilo tunalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Maelezo ya mzigo yakiwa marefu, usiisukume "up" hadi mwisho wa sentensi. Msomaji atakuwa ameshasahau kitenzi.

SWALI: Naendesha gari la watalii. Nilimwandikia mgeni "I will pick you at one, at the ferry" kwa safari ya saa moja asubuhi. Akaniuliza maswali mengi. Kosa langu liko wapi?
Dereva, Mbezi

JIBU: Yako matatu. Afrika Mashariki tumezoea kuiacha "up", tunasema "nakuja kukupick" na tunaelewana. Kwa Mwingereza au Mmarekani, "pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma, kama majani ya chai. Pili, saa moja asubuhi ni "7 a.m.", "one" kwake ni saa saba. Tatu, "the ferry" hapa Dar inaweza kumpeleka kwenye pantoni la Kigamboni wakati wewe uko kwenye boti za Zanzibar. Andika: "I will pick you up at the Zanzibar ferry terminal at 7 a.m." Kumshusha ni "drop you off", na hiyo "off" pia haiachwi.

Tahadhari moja: ukimwambia mtu "he tried to pick her up" bila kutaja gari wala safari, ataelewa jamaa alikuwa anatongoza.

SWALI: Kwenye bango la ofisi ya vifurushi niandike "pick up" au "pickup"?
Karani, Ubungo

JIBU: Inategemea kazi ya neno. Likiwa kitenzi, maneno mawili: "Pick up your parcel here." Likiwa jina, au likielezea jina jingine, liunganishe: "Pickup point", "Pickup time". Wengine huweka kistari, "pick-up". Chagua moja uifuate bango zima. Mkazo nao huhama: jina hukazwa mwanzoni, PICKup, na gari la mizigo tunaloliita pikapu ni neno hilohilo. Kitenzi mkazo huangukia "up", na wakati uliopita hubadilika "pick" tu: "The parcel was picked up on Monday."