Mtoto wetu hali nyama, na mboga pia hataki: nimlishe nini?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka minne na yuko PP1. Nyumbani hatuli nyama wala samaki kwa sababu ya imani yetu, ila mayai na maziwa tunatumia. Shida ni kwamba sukuma, spinachi na kabeji hataki hata kuziona kwenye sahani. Nikimpa maharagwe anakunywa supu na kuyaacha maharagwe yenyewe. Anachopenda ni chapati, wali, chipsi, ndizi na chai ya maziwa asubuhi, saa nne na jioni. Jirani ananiambia ninunue dawa ya multivitamini. Je, atapungukiwa na damu? – Mama, Kasarani

JIBU: Mama, kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako si sukuma. Ni yale maharagwe yanayobaki kwenye sahani, pamoja na chai mara tatu kwa siku.

Mtoto asiyekula nyama anaweza kukua vizuri kabisa, mradi apate mahali pengine vile ambavyo wenzake wanavipata kwenye nyama: protini, madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Mboga za majani zina vitamini A, vitamini C na foleti, lakini hizo utazipata pia kwenye papai, embe, mapera, machungwa na mikunde. Ndiyo maana nakuomba ubadilishe mpangilio wa vita yako. Mwezi huu shughulikia mikunde na chai. Mboga zitakuja polepole, na kwa sasa matunda yatamshikilia.

Protini haisumbui sana katika umri huu. Anahitaji kama gramu 19 kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa na yai moja tayari vinampa zaidi ya 20. Madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu, ndiyo magumu. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji miligramu 10 kwa siku, na asiyekula nyama anahitaji zaidi, kwa kuwa chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Nusu kikombe cha kamande zilizopikwa kina kama miligramu 3, ndengu kiasi hichohicho kama 1.5, na yai halifiki 1. Kwa hiyo mikunde iwepo mchana na jioni, kila siku.

Sasa chai. Tanini iliyo kwenye majani chai hushikana na chuma cha chakula tumboni, kisha kinapita bila kufyonzwa. Mtoto anayekula ndengu na kuteremshia kwa chai amepoteza sehemu kubwa ya faida yake. Mtolee chai kabisa, umpe maziwa ya moto bila majani. Hata hayo yasizidi vikombe viwili kwa siku, yaani nusu lita, tena mbali na milo ya mikunde. Nusu lita inampa B12 yote anayohitaji na zaidi ya nusu ya kalisiamu. Akizidisha, anashiba maziwa na sahani inarudi ilivyokuja. Saa nne shuleni mfungashie yai la kuchemsha na ndizi, au chapati iliyopakwa siagi ya njugu. Njugu nzima usimpe kabla ya miaka mitano, zinaweza kumkaba. Ukisaga mwenyewe, chagua kwanza: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, kwa sababu sumu ya ukungu huo haiishi kwa kukaanga.

Watoto wengi wanaokunywa supu na kuacha maharagwe wanakataa ganda na ule unga ulio ndani, ladha hawana neno nayo. Ndiyo maana nakushauri uanze na kamande. Osha nusu kikombe, weka maji vikombe viwili, chemsha dakika 20 hadi 25 mpaka zipasuke. Kaanga kitunguu, nyanya mbili zilizosagwa na karoti moja iliyokunwa laini sana, mimina kamande, ponda kwa mwiko mpaka supu iwe nzito kiasi cha kushika kijiko. Chumvi mwishoni. Hapo akinywa supu anakuwa amekula chakula chenyewe. Baada ya wiki moja ponda kidogo zaidi ya nusu tu, wiki inayofuata robo. Ukiruka hatua hizo na kumletea punje nzima ghafla, atakataa, na utadhani hapendi kamande.

Ndengu zifuate. Ziloweke usiku, mwaga maji, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku nzima mpaka zitoe vimkia vidogo, huku ukizisuuza asubuhi na jioni. Kuotesha kunapunguza faiteti, kitu kinachozuia chuma na zinki kufyonzwa, na zinaiva haraka pia. Maharagwe nayo yaloweke usiku, mwaga maji, kisha yatokote kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Maharagwe mekundu yasiyoiva sawasawa yanaumiza tumbo vibaya. Ukinunua yaliyochemshwa mtaani, yachemshe tena kabla ya kuyakaanga.

Kila mlo wa mikunde umalizie kwa tunda lenye vitamini C: nusu chungwa, kipande cha papai au pera moja. Vitamini hiyo huongeza sana kiasi cha chuma kinachoingia, ikiliwa pamoja na mlo huo. Chungwa la saa kumi halisaidii ndengu za saa saba.

Kwa kuwa chapati anaipenda, itumie. Chukua unga vikombe vitatu, malenge yaliyopondwa kikombe kimoja, mafuta vijiko viwili vikubwa na chumvi. Malenge yapike kwa mvuke, si kwa maji mengi, kisha yaache kwenye chujio dakika kumi yatoe maji. Changanya na unga kwanza, ndipo uongeze maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Mara nyingine hayahitajiki kabisa. Wengi hukosea hapa: wanatia maji ya kawaida yao, unga unanata, wanaongeza unga mwingine, chapati zinatoka ngumu na malenge yamebaki kidogo mno. Acha unga upumzike nusu saa. Usimfiche kilichomo. Mtoto akigundua amedanganywa ataikataa na chapati, na utakuwa umepoteza vyakula viwili. Mwite aponde malenge mwenyewe.

Angalia pia unga wenyewe. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini kadhaa. Wa posho mill kwa kawaida hauongezwi. Kama mnasagisha, hiyo ni sababu moja zaidi ya kushikilia mikunde.

Kuhusu mboga: weka kijiko kimoja cha chai pembeni mwa sahani, kila siku, bila neno. Asipokula, ondoa bila neno. Chakula kigeni huenda kikahitaji kuonekana mara kumi hadi kumi na tano kabla mtoto hajakionja, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. "Maliza sukuma upewe biskuti" inamfundisha kwamba sukuma ni adhabu na biskuti ndiyo chakula. Mweleze na dada anayebaki naye nyumbani. Akimkimbiza na kijiko huku katuni zikicheza kwenye simu, kazi yako ya jioni inabomoka. Biskuti na juisi zikome saa mbili kabla ya mlo.

Anza na terere changa, si chungu kama sukuma. Sukuma toa mishipa ya kati, katakata nyembamba, itie kwenye maji yanayochemka dakika moja, chuja, kisha kaanga na kijiko cha siagi ya njugu. Mukimo nao ni mzuri. Spinachi usiitegemee kwa kalisiamu, ina oksaleti inayoizuia, sukuma inaishinda.

Dawa ya multivitamini usiikimbilie. Nyingi za watoto hazina chuma, na zenye chuma zikizidi zina sumu. Mpeleke kliniki na kijitabu chake cha Mama na Mtoto: apimwe uzito, urefu na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu. Kwa umri wake, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu, na daktari atampa dozi kulingana na uzito. Usingoje ukiona viganja au sehemu ya ndani ya kope imepauka, anachoka upesi, au anakula udongo. Kwa vile hajafika miaka mitano, uliza pia kama amepata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ndani ya miezi sita iliyopita.